Msandali na Mipaka ya Sheria: Historia ya Ulinzi wa Mti wa Asili katika Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala hii inafuatilia historia ya ulinzi wa kisheria wa msandali wa Afrika Mashariki (Osyris lanceolata), mti mdogo wa nyanda kame ambao mafuta yake hutumika katika manukato na vipodozi. Hoja yetu ni kwamba sheria zilizotungwa tangu 2007 zimeulinda mti huu hasa unapokuwa shehena barabarani au mpakani, na kwa kiasi kidogo unapokuwa bado umesimama mlimani. Kwa kulinganisha marufuku ya Kenya ya 2007, uamuzi wa kimataifa wa 2013 na uzoefu mrefu wa India, tunaonyesha kuwa ulinzi wa nchi moja huhamisha njia za biashara, na kwamba ulinzi unaomsahau mwenye ardhi humfanya mti uwe mzigo kwake.

1. Utangulizi

Watu wa mwambao wameijua harufu ya sandali kwa karne nyingi. Liwa ya kujipaka, udi wa kufukizia na mafuta ya manukato vilikuwa sehemu ya biashara ya Bahari ya Hindi, na sandali iliyothaminiwa zaidi katika biashara hiyo ilitoka India, kwenye mti wa Santalum album. Msandali wa kwetu ni wa ukoo huohuo wa mimea, lakini ni wa jenasi nyingine. Kwa muda mrefu soko kubwa halikuuhitaji. Wafugaji na wakulima ndio waliokuwa wakiutumia: Wamaasai, wanaouita olosesiai, na majirani zao walitia mizizi au magome yake katika supu na chai, na waganga waliutumia kama dawa.

Hali hiyo ilibadilika pale sandali ya India ilipoadimika na bei yake kupanda. Wanunuzi walitafuta mti wenye mafuta yanayokaribiana na yale waliyoyazoea, wakaupata katika milima na nyanda kame za Afrika Mashariki. Kwa hiyo historia ya kuhatarishwa kwa msandali wetu haiwezi kuelezwa kwa kutazama misitu yetu peke yake. Ilianza pale mti mwingine, katika nchi nyingine, ulipokwisha kuvunwa kupita kiasi.

2. Kwa nini mti huu ni rahisi kumalizwa

Mambo matatu ya kimaumbile yanapaswa kueleweka kabla ya kuijadili sheria. Kwanza, msandali ni kimelea nusu: hujitengenezea chakula kwa majani yake, lakini mizizi yake hujishikiza kwenye mizizi ya mimea jirani na kufyonza maji na madini. Kuupanda peke yake katika kitalu bila mmea wa kuutegemeza ni kazi yenye mafanikio haba. Pili, miti dume na miti jike ni tofauti. Eneo likibaki na jinsia moja tu, au miti iliyosalia ikitawanyika mno, mbegu hupungua.

Jambo la tatu ndilo zito zaidi. Mafuta hupatikana katika kiini cha shina na kwa wingi katika mizizi, kwa hiyo mvunaji haukati mti, bali huung'oa. Kisiki ambacho kingetoa machipukizi huondoka pamoja na mizizi. Hapa msandali unatofautiana na mti mwingine wa Afrika unaolindwa, Prunus africana, ulioingizwa katika udhibiti wa kimataifa wa biashara mwaka 1995. Huo huvunwa magome, na magome yakitolewa kwa kiasi na kwa ustadi mti huweza kuendelea kuishi. Kwa msandali, mavuno na kifo ni tendo moja. Mfumo wa vibali unaohesabu kilo za mbao hauwezi, kwa hesabu hiyo peke yake, kueleza ni miti mingapi imetoweka.

3. Funzo la Mysore

India iliukabili mtihani huu mapema zaidi. Mwaka 1792 Tipu Sultan, mtawala wa Mysore, aliutangaza msandali kuwa mti wa kifalme. Kanuni hiyo ilidumu kwa sura mbalimbali chini ya tawala zilizofuata: mti ulikuwa mali ya dola hata ulipoota katika shamba la mtu binafsi. Mwenye shamba alibeba wajibu wa kuutunza na hatari ya kuulizwa pindi ulipoibwa, ilhali faida kubwa ilikwenda serikalini. Mkulima mwenye busara hakuwa na sababu ya kuuacha mche wa msandali ukue uani kwake.

Jimbo la Karnataka lilirekebisha sheria yake ya misitu mwaka 2001 na kumtambua mwenye ardhi kuwa mwenye mti, huku uvunaji na uuzaji vikibaki chini ya udhibiti. Zaidi ya karne mbili zilipita kati ya tangazo la mfalme na marekebisho hayo. Katika kipindi hicho mti uliolindwa kwa jina la mfalme uliendelea kuadimika, na uhaba huo ndio uliowaleta wanunuzi kwetu.

4. Marufuku ya 2007 na soko lililovuka mpaka

Mwaka 2007, katika utawala wa Rais Mwai Kibaki, Kenya ilipiga marufuku uvunaji wa msandali kwa amri ya Rais. Hatua hiyo ilikuwa ya lazima. Maeneo kama Samburu, Baringo, Pokot Magharibi, Kajiado na Taita yalikuwa yakipoteza miti kwa kasi, na wachimbaji wa vijijini walilipwa sehemu ndogo sana ya thamani ambayo mafuta hayo yaliipata ng'ambo.

Hata hivyo marufuku ilikuwa ya nchi moja, na soko lilikuwa la kanda. Magogo na mizizi kutoka Kenya yalivushwa hadi Tanzania kufanyiwa uchakataji wa awali kabla ya kusafirishwa nje ya bara. Baadaye njia ya magharibi, kupitia mpaka wa Uganda, nayo ilitajwa mara kwa mara katika taarifa za shehena zilizokamatwa. Mzigo ukishapita mpaka na kusagwa au kukamuliwa, ilikuwa vigumu kuthibitisha ulitoka mlima gani.

Wakati wenyewe una maana katika historia hii. Umoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulianza kutekelezwa mwaka 2005. Rwanda na Burundi zilijiunga na Jumuiya mwaka huohuo wa 2007, na Soko la Pamoja likaanza mwaka 2010. Katika kipindi kimoja, basi, kanda ilikuwa ikiipunguzia bidhaa vizuizi vya mpakani, wakati ulinzi wa mmea huu ulikuwa ukiishia mpakani. Hatudai kwamba ushirikiano wa kiuchumi ndio ulioleta magendo. Tunachosema ni kwamba hatua hizo mbili zilipangwa bila kuangaliana.

5. Uamuzi wa Bangkok, 2013

Kenya ilitambua upungufu huo na kuupeleka suala hili mbele ya Mkataba wa Kimataifa wa Biashara ya Spishi za Wanyama na Mimea Zilizo Hatarini Kutoweka (CITES), ulioanza kutumika mwaka 1975. Nchi za kanda zilikuwa zimejiunga nao kwa nyakati tofauti: Kenya 1978, Tanzania 1979, Rwanda 1980, Burundi 1988, Ethiopia 1989 na Uganda 1991. Katika mkutano wa kumi na sita wa nchi wanachama, uliofanyika Bangkok Machi 2013, msandali wa nchi hizo sita uliingizwa katika Kiambatisho cha Pili. Tangu hapo biashara yake ya kimataifa inahitaji kibali cha nchi ya asili, kinachotolewa baada ya mamlaka ya kisayansi kuridhika kwamba uvunaji hautahatarisha uhai wa spishi.

Uamuzi huo ulikuwa na sifa mbili kubwa. Ulizitaja nchi sita kwa pamoja, hivyo ukalifanya eneo la mti, badala ya mipaka ya dola moja, kuwa kipimo cha ulinzi. Vilevile ulihusisha sehemu za mti na mazao yake, yakiwemo mafuta yanayosafirishwa kwa wingi, ingawa bidhaa zilizokamilika na kufungashwa tayari kwa rejareja ziliachwa nje. Mwaka huohuo Kenya ilitunga Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori, iliyoanza kutumika Januari 2014, ambayo inautaja msandali miongoni mwa spishi zinazolindwa na kuweka adhabu kali.

6. Kilichobaki nje ya sheria

Hatua hizi zote zinaanza kufanya kazi mti ukiwa tayari umeng'olewa. Askari huikamata lori, afisa wa forodha hukagua kibali, hakimu humhukumu dereva au kibarua. Anayekamatwa mara nyingi ni yule aliyelipwa kidogo kuliko wote katika mnyororo huo. Mlimani, shimo lililoachwa na mizizi halina shahidi wala mdai.

Msandali wetu huota kwa wingi katika ardhi za jamii na malisho ya pamoja. Wazee wa malisho ndio wanaojua ni bonde lipi bado lina miti jike, na ndio wa kwanza kuwaona wageni wenye sururu. Sheria ikiwajia kwa katazo peke yake, bila kuwapa haki yoyote juu ya mti ulio hai, inarudia kosa la Mysore. Mti wa wote unageuka kuwa mti wa serikali, na mti wa serikali ulio mbali na serikali humwangukia wa kwanza kufika.

7. Hitimisho na mapendekezo

Historia hii inawapa washauri wa sera mambo matatu ya kuzingatia. Kwanza, nchi wanachama zinapaswa kuoanisha hadhi ya msandali katika sheria zao za ndani, ili kisiwepo kitu kinachoitwa kosa upande mmoja wa mpaka na biashara halali upande wa pili. Pili, viwanda vya kuchakata mafuta vidhibitiwe kwa leseni na ukaguzi wa chanzo cha malighafi, kwa kuwa kiwandani ndipo ushahidi wa asili ya mti hupotea. Tatu, jamii zenye ardhi zitambuliwe kisheria kuwa na maslahi katika mti uliosimama, na zisaidiwe kuupanda pamoja na mimea inayoutegemeza, kabla uvunaji wowote haujafikiriwa.

India ilichukua zaidi ya miaka mia mbili kufikia jambo hili la tatu. Msandali wa Afrika Mashariki, unaovunwa kwa kung'olewa mizizi, hauna muda kama huo.