Sanamu za askari Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa: nani alizitengeneza, na majina ya wapagazi yako wapi?

Katikati ya mji wa Dar es Salaam, fasi Samora Avenue inapokutana na barabara ya Azikiwe, kuna askari wa shaba nyeusi. Ameshika bunduki, na singe, kile kisu cha kwenye bunduki, imeelekea upande wa bandari. Wafanyabiashara wa Kongo wanaoenda kununua vitu Kariakoo wanaijua hii sanamu. Jina la aliyeitengeneza wachache tu wanalijua.

Ni James Alexander Stevenson, Mwingereza aliyezaliwa 1881 na kufariki 1937. Sanamu ya Dar es Salaam ilimiminwa katika kiwanda cha Morris, Westminster, ikaonyeshwa kwanza Royal Academy, London, kisha ikawekwa mahali pake mwaka 1927. Zile za Nairobi na Mombasa pia ni zake. Pale Dar es Salaam mbele yake kulikuwa sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wa Wadachi. Waingereza waliitoa baada ya kuuteka mji 1916, na mwisho wake ikasimama Hamburg mpaka wanafunzi walipoiangusha miaka ya 1960.

Habari za wachongaji wa namna hii mara nyingi hazitafutwi na maprofesa peke yao. Wanaozifuatilia ni walimu waliostaafu, wapiga picha, wajukuu wa askari. Uingereza, jumba la makumbusho la Imperial War Museum linaandikisha minara na sanamu za vita tangu 1989, na kazi kubwa imefanywa na watu wa kujitolea. Leo daftari lake lina zaidi ya 100,000.

Kazi yenyewe haiombi diplome. Mtu anainama chini ya sanamu, anatafuta sahihi ya mchongaji na alama ya kiwanda, anapiga picha pande zote, kisha analinganisha na orodha za maonyesho ya zamani. Kwa Stevenson kuna mtego: baadhi ya kazi zake alizitia sahihi ya "Myrander". Mwenye kutafuta "Stevenson" peke yake anaweza kupita kando ya kazi yake bila kujua.

Sanamu ndogo, zile za kuweka juu ya meza, ndizo zinasumbua zaidi. Mchongaji anaanza na mfano mdogo wa udongo, na mara nyingine huo mfano unamiminwa wenyewe kwa shaba ili uuzwe. Lakini wajanja nao wanachukua sanamu iliyokwisha kutoka, wanatengenezea forma juu yake na kumimina nyingine. Hapo kipimo ndicho kinasema ukweli: shaba ikipoa inasinyaa, kwa hiyo nakala ya nakala inakuwa ndogo kidogo kuliko ile ya kwanza, na mistari ya uso na ya nguo inafifia. Rula nzuri na uvumilivu vinatosha kuanza.

Ila mwenye kufuata sanamu za Stevenson anafika kwenye swali zito kuliko sahihi. Maandishi ya chini yake ni ya Rudyard Kipling, mwandishi aliyempoteza mtoto wake wa kiume vitani 1915. Yanaahidi kwamba anayepigania nchi yake, hata akifa, watoto wake watalikumbuka jina lake. Pale Dar es Salaam hakuna jina hata moja la askari ao mpagazi. Wakubwa wa wakati ule waliona sanamu inatosha. Wazungu walipewa makaburi yenye majina.

Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya nchi za Jumuiya ya Madola ilikubali hilo waziwazi: watu wasiopungua 116,000, labda hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa kwa majina ao hawakukumbukwa kabisa. Hata jina la Kariakoo limetokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza, Carrier Corps.

Tume hiyo haihusiki na wale wa Kongo. Katika ile vita, Force Publique chini ya Jenerali Tombeur iliingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916, na wapagazi waliobebeshwa mizigo wanakadiriwa kuwa 260,000. Chakula, risasi, vipande vya mizinga, vyote vilipanda juu ya vichwa na mabega.

Kwa familia za Maniema, Kivu na Tanganyika, kazi inaanzia nyumbani: jina la babu ao la baba yake, kijiji alichochukuliwa, kama alirudi, nani aliyesimulia na lini. Medali ya zamani ipigwe picha mbele na nyuma, isisuguliwe, juu kusugua kunafuta maandishi. Na kwa mwenye kutaka kupiga picha mnara ulio karibu na kambi ya jeshi, kwanza aombe ruhusa.