Jenereta ndogo mahali pake ni nje, si koridoni

MGAWO wa umeme wa mwaka 2006, uliotokana na ukame kupunguza maji katika mabwawa ya kufua umeme, likiwamo la Mtera, uliingiza jenereta ndogo za petroli katika maduka, saluni na nyumba nyingi za Dar es Salaam. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kuzalisha umeme mwaka 2024, lakini hitilafu na matengenezo ya njia za umeme bado huwarudisha wengi kwenye jenereta.

Katika maeneo kama Buguruni, nyumba zimebanana na vyumba vya wapangaji hutazamana katika korido moja. Kwa kuhofia wezi au mvua, mtu hushawishika kuiwasha jenereta koridoni au barazani, chini ya dirisha.

Hapo ndipo penye hatari. Moshi wake una kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo huchukua nafasi ya oksijeni katika damu. Aliyelala anaweza kufa bila kuamka. Kufungua mlango au kuwasha feni hakutoshi.

Jenereta ikae nje, pakavu, angalau mita 6 kutoka mlango au dirisha lolote, likiwamo la jirani. Kama nafasi hiyo haipo, isiwashwe. Anayeumwa kichwa, kuhisi kizunguzungu au kichefuchefu atolewe nje mara moja na kupelekwa hospitali.

Jambo la pili ni hesabu ya wati. Jenereta inayotoa wati 650 mfululizo huweza kuendesha taa tano za wati 10, televisheni ya wati 80 na feni ya wati 60, kwani jumla ni wati 190. Jokofu la wati 150 huhitaji umeme mara kadhaa zaidi linapoanza, hivyo huenda likaishinda jenereta hiyo. Pasi ya wati 1,000 na birika la wati 2,000 haviwezekani kabisa.

Washa jenereta kwanza, iache itulie, kisha unganisha vifaa kimoja kimoja, ukianza na chenye mota. Unapozima, tangulia kuzima vifaa.

Aidha, usichomeke waya wa jenereta kwenye soketi ya ukutani. Umeme huo unaweza kurudi hadi kwenye nguzo na kumuua fundi wa Tanesco anayeamini kuwa njia imezimwa. Unganisha vifaa kwa waya mnene usiochubuka, au fundi mwenye leseni afunge swichi ya kubadilishia umeme.

Petroli isiongezwe injini ikiwa ya moto, wala isihifadhiwe chumbani au karibu na jiko. Moto ukizuka, namba ya dharura ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114.