Vitabu na vipindi vinavyowalea watunga programu

Na Mwandishi Wetu

UGWENO, katika milima ya Upare Kaskazini wilayani Mwanga, ilisifika tangu kale kwa wahunzi wake. Mwanahistoria Isaria Kimambo, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu historia ya kisiasa ya Wapare, anaeleza jinsi Washana, ukoo wa mafundi chuma, walivyoshika utawala kabla ya kupinduliwa na Wasuya. Ufundi huo ulirithishwa kwa kutazama na kushika nyundo. Utungaji wa programu za kompyuta nao ni ufundi, isipokuwa mwalimu wake mara nyingi yuko ng'ambo, na anayemtaka hana budi kumtafuta vitabuni.

Mfano ulio wazi ni wa Linus Torvalds wa Finland. Mwaka 1990, akiwa mwanafunzi mjini Helsinki, alinunua kitabu cha Andrew Tanenbaum kiitwacho Operating Systems: Design and Implementation, kilichotoka mwaka 1987. Ndani yake mlichapishwa msimbo wa Minix, mfumo endeshi mdogo uliotungwa kwa ajili ya kufundishia. Torvalds ameeleza katika tawasifu yake ya mwaka 2001 kwamba kitabu hicho ndicho kilichobadili maisha yake. Mwaka 1991 akatoa mfumo wake mwenyewe, Linux. Januari 1992 Tanenbaum alimkosoa hadharani, akidai kwamba muundo wa Linux umepitwa na wakati. Mwanafunzi naye hakunyamaza.

Matunda ya kitabu hicho yalifika hadi Dar es Salaam. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na wataalamu kutoka Sweden, kilianzisha mradi wa Kilinux wa kutafsiri programu huria kwa Kiswahili, na Desemba 2004 ikazinduliwa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia barua na kupigia hesabu yenye menyu za Kiswahili. Miaka thelathini kabla ya hapo hali ilikuwa kinyume kabisa. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, lakini mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa mashine hizo baada ya mfumo wa hesabu wa wizara hiyo kuvurugika. Waziri wa Fedha wakati huo alikuwa Cleopa Msuya, mzaliwa wa Usangi, jirani ya Ugweno. Marufuku hiyo ililegezwa baadaye, ila kizazi kizima cha vijana kilikuwa kimepishana na fani hii.

Miongoni mwa vitabu vinavyotajwa mno na watunga programu, cha Brian Kernighan na Dennis Ritchie kuhusu lugha ya C, cha mwaka 1978, kingali mstari wa mbele. Ni chembamba, na zoezi lake la kwanza, la kuifanya kompyuta itoe salamu kwa ulimwengu, limekuwa desturi ya kila anayeanza. Donald Knuth, aliyetoa juzuu ya kwanza ya The Art of Computer Programming mwaka 1968, bado hajaukamilisha mfululizo huo. Bill Gates alipata kusema kwamba anayeweza kuusoma wote amtumie maelezo yake ya kazi. Wengi huununua na kuuweka rafuni.

Kinachofaa zaidi kwa msomaji asiye mtaalamu, kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, ni The Mythical Man-Month cha Frederick Brooks (1975). Brooks alisimamia kazi kubwa ya programu katika kampuni ya IBM, akabaini kwamba kuongeza watu katika kazi iliyochelewa huichelewesha zaidi, kwa kuwa wageni huhitaji kufundishwa, na mawasiliano huongezeka kuliko kazi yenyewe. Wahenga walikwisha kusema: manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Upande wa majarida, enzi zake zimepita. Byte lilianza mwaka 1975 likafungwa mwaka 1998; Dr. Dobb's Journal, lililoanza mwaka 1976, lilihamia mtandaoni na kukoma mwaka 2014. Majarida hayo yalichapisha misimbo kamili ambayo msomaji aliinakili kwa mkono, herufi kwa herufi, na kosa la nukta moja lilimkesha usiku. Wapare si wageni wa kusoma: katika miaka ya 1950 walikuwa na gazeti lao, Habari za Upare.

Nafasi ya majarida imechukuliwa kwa sehemu na podikasti, yaani vipindi vya sauti vinavyopakuliwa kutoka intaneti, jina lililoanza kutumika mwaka 2004. Kipindi cha Software Engineering Radio kimewahoji wataalamu tangu mwaka 2006. Faida yake kwa mkazi wa milimani ni kwamba sauti haihitaji mtandao wakati wa kusikiliza. Saa moja iliyorekodiwa kwa kasi ya kilobiti 64 kwa sekunde ni megabaiti zipatazo 29 tu, hivyo mtu anaweza kupakua vipindi kadhaa akiwa Mwanga mjini na kuvisikiliza akiwa shambani.

Gharama nayo imepungua. Structure and Interpretation of Computer Programs, kitabu cha mwaka 1985 kilichotumika kufundishia chuo cha MIT nchini Marekani, husomwa bure mtandaoni, sawa na Think Python cha Allen Downey, ambacho kingefaa kutangulia kwa kuwa hakidai hesabu nyingi.

Kikwazo kinachobaki ni lugha. Vitabu vyote vilivyotajwa hapa viliandikwa kwa Kiingereza, ilhali mtoto wa shule ya msingi ya Serikali husomeshwa kwa Kiswahili na hukutana na Kiingereza cha masomo mengi afikapo sekondari. Mradi wa Kilinux ulionyesha kwamba istilahi zinaweza kupatikana, kwa kuwa ulilazimika kwanza kutunga orodha ya maneno kabla ya kutafsiri menyu hata moja. Menyu, hata hivyo, humwezesha mtu kuitumia programu iliyokwisha kutungwa. Anayetaka kuitunga yake bado hukifungua kitabu cha C akiwa na kamusi pembeni.