Roald Dahl, filamu asiyoipenda na wafanyakazi wasio na majina: historia inayosomwa kutoka Shinkolobwe

LIKASI, Haut-Katanga. Anayejua historia ya Shinkolobwe amezoea jambo moja: kazi ya watu wetu inajulikana dunia nzima, lakini watu wenyewe hawatajwi. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilitoka katika mgodi huu ulio karibu na mji wetu. Edgar Sengier, mkubwa wa kampuni ya Union Minière, alipewa nishani na Marekani mwaka 1946, na madini ya aina moja yakaitwa sengierite kwa heshima yake. Waliochimba, waliochambua mawe kwa mikono na kujaza magunia, hakuna jiwe lililoitwa kwa jina la hata mmoja wao.

Leo tunasimulia historia nyingine inayofanana na hiyo, ingawa inahusu kitabu cha watoto. Ndani yake yumo mwandishi aliyewahi kukaa Dar es Salaam na kujifunza Kiswahili. Wamo watu waliochukuliwa katika msitu wa Afrika kwenda kufanya kazi kiwandani Ulaya. Na imo filamu iliyopendwa na mamilioni ya watoto, isipokuwa na mwenye kitabu.

Kijana wa Shell

Roald Dahl alizaliwa mwaka 1916 huko Wales kwa wazazi waliotoka Norway. Mwaka 1938, akiwa na umri wa miaka 22, kampuni ya mafuta ya Shell ilimtuma Dar es Salaam. Alikaa katika nyumba nzuri karibu na bahari, pamoja na mpishi na watumishi, kama Wazungu wengine wa wakati ule. Kazi yake ilikuwa kuzunguka Tanganyika kwa gari akionana na wateja wa kampuni, na Kiswahili alijifunza huko huko.

Vita vilipoanza mwaka 1939 aliondoka kwa gari hadi Nairobi na kujiunga na jeshi la anga la Uingereza. Mwaka 1940 ndege yake ilianguka katika jangwa la Libya, akaumia vibaya. Baadaye alitumwa Washington kwenye ubalozi wa Uingereza, na huko ndiko alikoanza kuandika.

Hapa historia yake inapita karibu na yetu. Baada ya Hiroshima, Dahl aliandika riwaya ya watu wazima kuhusu vita vya mabomu ya nyuklia na mwisho wa wanadamu. Ilitoka mwaka 1948 kwa jina la Some Time Never, nayo ni kati ya riwaya za kwanza kabisa kuandikwa juu ya hofu hiyo. Haikupata wasomaji, na Dahl mwenyewe hakutaka kuikumbuka. Lakini ni vizuri tujue kwamba hofu iliyomfanya aandike ilianzia kwenye mawe yaliyotoka chini ya ardhi ya Likasi, mji uliokuwa ukiitwa Jadotville.

Watu ndani ya masanduku

Mwaka 1964 Dahl alichapisha Marekani kitabu cha Charlie and the Chocolate Factory, yaani Charlie na kiwanda cha chokoleti. Charlie ni mtoto maskini sana. Anapata tiketi ya dhahabu ndani ya chokoleti na kuruhusiwa kuingia katika kiwanda cha ajabu cha bwana Willy Wonka, akiwa na watoto wengine wanne wenye tabia mbaya. Mmoja mmoja wanapatwa na mikasa kwa sababu ya ulafi na kiburi chao, na mwishoni Charlie anarithi kiwanda chote. Watoto walikipenda sana, na wanakipenda mpaka leo.

Lakini kiwanda kinataka wafanyakazi. Wonka alikuwa amewafukuza wafanyakazi wa mji wake kwa sababu wapelelezi walikuwa wakiiba siri zake. Badala yao alileta watu wafupi wanaoitwa Oompa-Loompa. Katika toleo la kwanza la kitabu hao walikuwa Mbilikimo weusi, waliotolewa katikati ya msitu wa Afrika, na picha ziliwachora hivyo. Kwao walikuwa wakila viwavi na kutamani kakao. Wonka akamwahidi mkubwa wao kwamba watalipwa kwa kakao badala ya fedha. Kisha akalisafirisha kabila zima ndani ya masanduku yaliyotobolewa matundu ili wapate hewa.

Wakiwa kiwandani hawatoki nje. Wonka anawajaribishia vitu vyake vipya. Mzee mmoja wao alikunywa kinywaji cha kumpaisha juu, akapaa na hakuonekana tena. Msimulizi anayasema haya kwa kicheko, na wenyewe wanaimba na kufurahi.

Mkaaji wa Katanga hawezi kuyasoma haya bila kukumbuka mambo ya nyumbani. Union Minière ilitafuta wafanyakazi Kasai, Rhodesia ya Kaskazini, Rwanda na Burundi, ikawaweka katika kampi zake, na sehemu ya malipo yao ilikuwa posho: unga, maharagwe, chumvi. Neno hilo posho bado liko midomoni mwetu. Tofauti ni kwamba watu wa kweli hawakuimba tu. Desemba 1941 wafanyakazi waligoma Jadotville na Élisabethville wakidai mshahara unaowatosha, na askari wakawapiga risasi. Katika waliouawa Élisabethville alikuwemo Léonard Mpoyi, msemaji wao. Katika kiwanda cha Wonka hakuna Mpoyi.

Habari ya kumsafirisha Mbilikimo kama mzigo nayo ina mfano wake wa kweli. Ota Benga, kijana kutoka Kongo, alipelekwa Marekani na kuonyeshwa katika maonyesho ya St. Louis mwaka 1904. Mwaka 1906 aliwekwa katika nyumba ya nyani ya bustani ya wanyama ya Bronx, New York, watu wakaja kumtazama. Alijiua mwaka 1916, mwaka ule ule aliozaliwa Dahl.

Filamu bila mwandishi

Wazo la filamu lilitoka kwa mtoto. Binti wa mwongozaji Mel Stuart alisoma kitabu na kumwomba baba yake akifanyie filamu. Mtayarishaji David Wolper akapata fedha kutoka kampuni ya chakula ya Quaker Oats, iliyotaka kuuza chokoleti yenye jina la Wonka. Dahl alipewa kazi ya kuandika muswada wa filamu. Hakuwa mgeni katika kazi hiyo, kwa maana alikuwa ameshaandikia filamu ya James Bond ya mwaka 1967, You Only Live Twice.

Mambo yakaharibika taratibu. Muswada wake ulikabidhiwa kwa kijana David Seltzer, ambaye aliuandika upya kwa sehemu kubwa, ingawa jina lililobaki kwenye filamu ni la Dahl peke yake. Dahl alimtaka mchekeshaji Spike Milligan acheze Wonka. Akachukuliwa Gene Wilder. Nyimbo zikaongezwa. Charlie, aliyekuwa mtoto mwema asiye na doa, sasa anakunywa kinywaji alichokatazwa. Hata jina la kitabu liligeuzwa: filamu iliyopigwa Munich, Ujerumani, mwaka 1970 ilitoka Juni 1971 ikiitwa Willy Wonka & the Chocolate Factory. Charlie ameondolewa kwenye jina, mwenye kiwanda ndiye amebaki.

Dahl alichukia. Aliona filamu imemfuata Wonka na kumwacha mtoto. Kitabu cha pili cha Charlie, kilichotoka mwaka 1972, alikataa kabisa kisifanyiwe filamu, na alishikilia hivyo mpaka alipofariki mwaka 1990. Wakati huo filamu ya kwanza, ambayo haikuleta fedha nyingi ilipotoka, ilikuwa imeshapendwa sana kwa njia ya televisheni na kaseti za video.

Kitabu kikaifuata filamu

Lakini filamu hiyo hiyo ilimsaidia Dahl kwa jambo ambalo hakuliomba. Habari za kutengenezwa kwake zilipoenea, Wamarekani weusi walilalamika. NAACP, chama kinachotetea haki zao, kilisema kwamba habari ya watu weusi waliofungiwa masandukuni ili wafanye kazi bila fedha inafanana mno na utumwa. Watengenezaji wakawageuza Oompa-Loompa: uso wa rangi ya chungwa, nywele za kijani. Afrika haikutajwa.

Dahl alijibu kwamba hakukusudia ubaya. Hata hivyo alikubali, na katika toleo la mwaka 1973 aliandika upya sehemu zile. Oompa-Loompa wakawa na ngozi nyeupe yenye wekundu na nywele za dhahabu, na kwao kukawa Loompaland, nchi isiyopatikana kwenye ramani. Kwa hiyo mwandishi aliyelalamika kwamba filamu imekigeuza kitabu chake, alikigeuza mwenyewe kwa kufuata njia ya filamu.

Kuna jambo jingine lililojulikana baadaye. Mwaka 2017 mjane wake, Felicity Dahl, alisema kwamba katika muswada wa kwanza Charlie mwenyewe alikuwa mtoto mweusi, na kwamba wakala wa mwandishi ndiye aliyemshauri abadilishe. Yaani mtu mweusi aliondolewa mahali pa kurithi kiwanda, akabaki mahali pa kukifanyia kazi, kisha miaka 9 baadaye akaondolewa hapo pia.

Na ajabu ya mwisho ni hii: katika filamu ya mwaka 2005, iliyoongozwa na Tim Burton kwa ruhusa ya familia, Oompa-Loompa wote walichezwa na mtu mmoja, Deep Roy. Yeye ni mzaliwa wa Nairobi, wa wazazi wenye asili ya India. Uso mmoja uliozaliwa Afrika Mashariki ulirudiwa mara nyingi mpaka ukajaza kiwanda.

Kufuta si kutenda haki

Wengi husema jambo lilimalizika mwaka 1973. Sisi wa huku tunaona limemalizika nusu. Rangi ya ngozi imebadilishwa, lakini masanduku yamebaki, malipo ya kakao yamebaki, na majaribio juu ya miili ya wafanyakazi yamebaki. Mwaka 2023 wachapishaji walibadilisha maneno mengine katika vitabu vya Dahl, na Oompa-Loompa waliokuwa watu wadogo wa kiume wakawa watu wadogo tu. Maneno yanapigwa sabuni, ila hakuna anayeuliza kwa nini wafanyakazi hawa hawana mshahara wala jina.

Dahl alijua kutoa jina akitaka. Katika Going Solo, kitabu cha kumbukumbu zake kilichotoka mwaka 1986, anamsimulia Mdisho, mtumishi wake wa Dar es Salaam: kabila lake, maneno yake, ushujaa wake. Mtu aliyeishi naye nyumba moja alimwona kuwa mtu. Kabila la msituni ambalo hakulijua alilifanya umati unaoimba.

Kabla hatujamcheka Mzungu, tujitazame. Neno lenyewe Mbilikimo ni letu Waswahili, na halina heshima ndani yake. Wambuti wa Ituri, ambako leo kakao inalimwa pembeni ya msitu wao, na Watwa wa huku kwetu, bado hutumikishwa mashambani kwa malipo kidogo, au kwa chakula na nguo kuukuu. Jirani zetu wa jimbo la Tanganyika wanajua damu iliyomwagika kati ya Watwa na Waluba kuanzia mwaka 2013, na ugomvi huo ulikuwa na mizizi katika dharau hiyo. Mwaka 2022 nchi yetu ilipata sheria ya kulinda haki za watu hawa. Sheria ni jambo jema, lakini haimkatazi mtu kumcheka jirani yake sokoni.

Shinkolobwe nayo imejua kufutwa. Wakati wa vita ilikuwa siri. Mwaka 2004 mgodi ulifungwa kwa amri ya Rais na wachimbaji wa mikono wakaondolewa. Ukisoma vitabu vingi vya historia ya bomu utakutana na wanasayansi, majenerali na Sengier. Shinkolobwe inapata mstari mmoja, na mchimbaji hapati hata huo.

Ndugu msomaji, kama kwenu yuko mzee aliyefanya kazi Shinkolobwe au katika kampi za Union Minière, au mjane wake, au mtoto wake, kaa naye na daftari. Andika jina lake lote, kijiji alikotoka, mwaka aliofika, kazi aliyofanya, posho aliyopewa kwa wiki na ugonjwa alioondoka nao. Na watoto wakitazama filamu ya Wonka, waache wacheke, kwa maana ni filamu nzuri. Ikiisha, waulize: wale waliotengeneza chokoleti, nani aliwaita kwa majina?