Setilaiti ya Uhuru na Safari ya Elektroni Ndani ya Gesi

Leo tuweke kando mambo ya simu na tovuti, tuongee historia kidogo.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, roketi ya Scout iliruka kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilibeba setilaiti ya NASA, mradi uliosimamiwa na Marjorie Townsend, na setilaiti ikapewa jina la Uhuru. Ndiyo ya kwanza kutengenezwa mahsusi kwa kutafuta eksirei za angani. Ikweta ilifaa kwa sababu mzingo wake unaepuka sehemu kubwa ya mionzi inayovuruga vipimo.

Jina wengi tunalijua. Ndani kulikuwa na nini? Makasha ya gesi. Eksirei inapenya dirisha jembamba la berili, inagonga atomu na kung'oa elektroni, nayo inang'oa nyingine. Kwenye argoni kila elektroni hugharimu nishati ya eV 26 hivi, kwa hiyo eksirei ya eV 5,900 hutoa elektroni kama 227. Zinavutwa hadi kwenye waya mwembamba wenye volti kali, zinaongezeka mara maelfu, na sakiti inasoma mpigo wa umeme. Ukubwa wa mpigo unakuambia nishati ya eksirei.

Mimi kazi yangu ni programu, kwa hiyo kilichonivutia zaidi ni safari yenyewe. Elektroni haiendi moja kwa moja. Angalia gugu maji kwenye Ghuba ya Winam: kila mmea unayumbishwa na mawimbi huku na huku, lakini upepo unalisukuma fungu zima upande mmoja. Elektroni nayo inagonga atomu na kubadili njia mara nyingi mno, huku umeme ukiivuta. Ukitia methani kidogo kwenye argoni, inafika haraka zaidi, kwa sababu methani inaipunguzia nishati ya kuyumbayumba. Kuyapata haya kwa kalamu na karatasi ni kazi ngumu.

Mwaka 1984 Rob Veenhof alianza kuandika Garfield, kwa Fortran. Stephen Biagi akaandika Magboltz, ambayo ni kama kurusha dadu kwa kila mgongano: elektroni itasafiri muda gani, itagonga nini, itaelekea wapi. Baadaye ikaja Garfield++, kwa C++.

Uhuru ilifanya kazi hadi Machi 1973. Orodha yake ya mwisho ina vyanzo 339 vya eksirei, na Riccardo Giacconi, aliyeongoza wanasayansi wake, alipata Nobel mwaka 2002. Sisi tulitoa ikweta, bahari na jina. Vipimo vilichambuliwa Marekani. Ila msimbo wa Garfield++ uko wazi, unashushwa bure, na laptopu ya kawaida hapa Pap Onditi inatosha kuanzia. Atakayeijaribu atuambie alichanganya gesi gani na elektroni zake zilikwenda kasi gani.