Chicago 1983: Ushindi Ulioanzia kwenye Daftari la Wapiga Kura

Tarehe 12 Aprili 1983, wakazi wa Chicago walimchagua Harold Washington kuwa meya wa kwanza Mweusi wa jiji lao. Alimshinda Bernard Epton wa chama cha Republican kwa kura 668,176 dhidi ya 619,926. Tangu hapo wapo wanaousimulia ushindi huo kama bahati: Weupe wawili, Meya Jane Byrne na Richard M. Daley, waligawana kura katika mchujo wa chama cha Democratic, na Mweusi akapenya katikati yao. Simulizi hiyo inawadhulumu watu waliotoka jasho. Ushindi wa Washington ulipatikana mwaka 1982, kwenye kazi ya kuandikisha wapiga kura, kabla yeye mwenyewe hajakubali kugombea.

Richard J. Daley, baba yake Richard M., aliitawala Chicago kuanzia 1955 hadi alipofariki Desemba 1976. Nguvu yake ilikuwa makada wa chama waliotapakaa katika kata zote 50: wao ndio waliogawa ajira za jiji na huduma za mtaani, na wananchi walilipa kwa kura. Mitaa ya Weusi ya kusini na magharibi ililipa kwa uaminifu miaka mingi, lakini iliambulia shule zilizofurika na nyumba duni. Daley alipofariki, Washington aligombea katika mchujo wa 1977 na kupata takriban asilimia 11 tu. Mgombea alikuwa huyuhuyu na jiji lilikuwa hilihili. Kilichokosekana ni wapiga kura: Weusi wengi hawakuwamo daftarini, na wengi waliokuwamo hawakuona sababu ya kutoka nyumbani siku ya kura.

Sababu hiyo waliipata kwa Byrne. Mwaka 1979 aliingia madarakani kwa msaada mkubwa wa kura zao, kisha akawaondoa Weusi kwenye bodi ya shule na kuweka Weupe, na akafanya vivyo hivyo katika mamlaka ya nyumba za umma. Kiangazi cha 1982, mwanaharakati wa haki za kiraia Jesse Jackson aliongoza mgomo wa kususia tamasha la jiji, ChicagoFest, kupinga hatua hizo. Hasira hiyo ingeweza kuishia kwenye maandamano, lakini wanaharakati waliigeuza kuwa kazi. Waliandikisha watu makanisani na kwenye foleni za ofisi za misaada ya serikali, huku Edward Gardner, mwenye kampuni ya Soft Sheen, akigharimia matangazo ya redio. Washington, wakati huo mbunge katika Bunge la Marekani, alikuwa ametoa sharti la wapiga kura wapya 50,000 kabla hajagombea. Walipatikana zaidi ya 100,000.

Ni kweli kwamba kura za Weupe ziligawanyika. Katika mchujo wa 22 Februari 1983, Washington alipata takriban asilimia 36, Byrne 34 na Daley 30. Lakini mgawanyiko humfaa mgombea mwenye kura zake mkononi. Kwa asilimia 11 za mwaka 1977, Washington angeshika mkia. Aprili, tena, hakukuwa na mgawanyiko wowote, kwani walibaki wawili. Meya wa mwisho wa Republican alikuwa ameondoka mwaka 1931, lakini safari hii kata za Weupe zilizozoea kuipa Democratic kura zilimkimbilia Epton. Washington aliwahi kufungwa mwaka 1972 kwa kutowasilisha ritani za kodi, na mpiga kura alikuwa na haki ya kulihoji hilo. Hata hivyo, kampeni iliyowahimiza watu kumchagua Epton kabla hawajachelewa ilichochea hofu ya rangi. Washington alishinda kwa wingi wa Weusi waliojitokeza, akiungwa mkono na Walatino wengi na sehemu ndogo ya Weupe.

Wengine huuliza ushindi huo ulileta nini, ilhali madiwani 29 kati ya 50 walijipanga dhidi yake tangu mwanzo. Jibu lilitoka kwenye masanduku ya kura. Mahakama iliamuru mipaka ya kata irekebishwe ili Weusi na Walatino wapate uwakilishi wa haki, na mwaka 1986 uchaguzi ukarudiwa katika kata saba. Baraza likawa 25 kwa 25, na kura ya meya ikawa ndiyo ya uamuzi. Alichaguliwa tena mwaka 1987, akafariki Novemba mwaka huohuo. Wafuasi wake waligawanyika juu ya mrithi, na mwaka 1989 Daley mtoto akachukua umeya. Anguko hilo halifuti hoja; linaikamilisha. Umoja wa waliojiandikisha ndio uliompa Washington ofisi, na ulipovunjika, ofisi ikaenda kwa wengine. Anayetaka kujua nani atatawala mji aanze kuhesabu waliomo daftarini, mapema, wakati majina ya wagombea bado hayajatajwa.