Manowari ya Bomba Tatu na Watu Walioijua Ilipo

Maji yanayoshuka kwenye vilima vya Idodi, mkoani Iringa, huingia Ruaha Mkuu, yakapita Mtera na Kidatu, yakaungana na Rufiji, na mwisho humwagika Bahari ya Hindi mkabala na kisiwa cha Mafia. Kwa hiyo mtu wa Iringa ana haki yake katika hekaya za meli za mizuka, ingawa bahari iko mbali naye. Mojawapo ya meli zilizosumbua sana vichwa vya wanamaji wa dunia ilipotelea katika milango ya mto huohuo, mwaka 1914. Na ukiichunguza namna ilivyopotea, utaona jambo ambalo hekaya za aina hii hulificha kila mara: meli hugeuka mzuka pale wanaojua ilipo wanapokuwa watu ambao hakuna anayewauliza.

Hekaya zenyewe tunazijua. Kuna Mary Celeste, iliyokutwa Atlantiki mwezi Desemba 1872 ikienda kwa tanga bila mtu hata mmoja ndani. Kuna lile jahazi la Mholanzi linalosemekana kuhangaika milele karibu na Rasi ya Tumaini Jema bila kutia nanga. Katika zote, msimulizi ni baharia anayetazama kutoka meli nyingine. Mvuvi hasikiki, wala kuli wa bandarini, wala mkazi wa pwani ambayo meli hiyo ilipita. Kukosekana kwao ndiko kunakoipa hekaya nafasi ya kuota mizizi.

Manowari ya Kijerumani Königsberg ilifika Dar es Salaam mwezi Juni 1914. Ilikuwa na urefu wa mita 115 hivi na mizinga 10 ya milimita 105, na wenyeji wa pwani waliibatiza manowari ya bomba tatu kwa sababu ya mabomba yake matatu ya moshi. Tarehe 31 Julai, vita vikinukia, iliondoka bandarini na kuwaponyoka Waingereza waliokuwa wakiifuatilia. Tarehe 6 Agosti iliiteka meli ya mizigo City of Winchester upande wa Omani, kisha kimya. Kwa wiki kadhaa hakuna aliyekuwa na habari zake. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba ikazuka mbele ya Unguja, ikaikuta manowari ya Kiingereza Pegasus imetia nanga ikifanyiwa matengenezo ya mitambo, ikaipiga mpaka ikazama. Mabaharia zaidi ya 30 wakafa, na makaburi ya baadhi yao yapo hadi leo kwenye kisiwa cha Chapwani. Kisha ikatoweka tena. London ilituma manowari tatu, Chatham, Dartmouth na Weymouth, kuisaka meli moja katika bahari yote kuanzia Pembe ya Afrika hadi Msumbiji.

Ilikuwa Rufiji. Kapteni wake, Max Looff, aliipitisha katikati ya mikoko ya delta mpaka karibu na Salale, mahali ambapo ramani za Waingereza zilionyesha kwamba meli kubwa kama ile haiwezi kupita. Wajerumani walikuwa na ramani mpya zaidi, kwani meli yao ya upimaji, Möwe, ilikwisha kupima kina cha milango ile. Hapo ndipo wanahistoria wengi wa vita hupenda kuishia: ramani nzuri ikaishinda ramani mbovu. Mimi naona maelezo hayo hayatoshi. Delta ya Rufiji haikuwa pori tupu linalosubiri kupimwa. Majahazi yalikuwa yakiingia humo kwa vizazi na vizazi kupakia boriti za mikoko zilizoezeka nyumba za Uarabuni na Ghuba. Manahodha, wakataji wa boriti, wavuvi na wakulima wa mpunga waliijua kila njia ya maji, wakajua ni ipi inayokauka maji yakipwa. Meli ya urefu wa mita 115 haiwezi kukaa mbele ya watu kama hao wasiione.

Na hawakuiona tu, waliibeba. Mitambo yake ilipoharibika, sehemu za boila ziliburutwa kwa nchi kavu hadi karakana za Dar es Salaam, zikatengenezwa, zikarudishwa vivyo hivyo, kwa nguvu za wapagazi. Makaa ya mawe, chakula na barua vilipita mikononi mwa watu wa kawaida. Wakati makamanda wa Kiingereza wanaandika kwamba adui ameyeyuka, maelfu ya macho yalikuwa yanamtazama kila siku. Ufumbuzi nao ulikuja kwa njia isiyo na miujiza: Oktoba 1914 Waingereza walikuta Lindi, ndani ya meli Präsident, nyaraka zilizoonyesha makaa yanapelekwa Rufiji, na mwisho wa mwezi mabaharia wa Chatham wakashuka pwani, wakawauliza wenyeji, wakaambiwa. Fumbo la wiki nyingi likafunguka kwa swali moja lililoulizwa kwa mtu anayehusika. Hata P. J. Pretorius, mwindaji wa Afrika Kusini anayesifiwa kwa kuipeleleza delta baadaye, alitegemea wenyeji waliomwonyesha njia.

Yaliyofuata ni mambo ya vita na sitayarefusha. Waingereza walizamisha meli ya makaa Newbridge ili kuziba mlango mmoja, wakaleta ndege, na Julai 1915 wakaingiza Severn na Mersey, manowari zinazoelea katika maji ya kina kifupi. Baada ya mapigano ya tarehe 6 na tarehe 11 mwezi huo, Looff aliizamisha meli yake mwenyewe.

Kwa nini basi wenyeji hawakusema mapema? Mtu wa Idodi anaweza kudhani analo jibu tayari, kwa sababu nchi yake iliwahi kumficha mtu namna hiyohiyo. Ngome ya Kalenga ilipoanguka mwezi Oktoba 1894, Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alitoweka, na Wajerumani wakamsaka kwa karibu miaka minne. Waliahidi zawadi ya fedha, wakachoma vijiji, wakabaki kama wanaomsaka mtu mwenye dawa ya kutoonekana. Alikuwa akilishwa na kupewa habari na watu wake, mpaka alipojiua Mlambalasi, magharibi ya mji wa Iringa, Julai 1898. Kutoonekana kwake kulikuwa kazi ya watu wengi, waliojua wazi gharama yake.

Lakini kuifananisha Rufiji na Uhehe moja kwa moja ni kuwakosea watu wa delta. Wao hawakuificha Königsberg kwa mapenzi. Tarehe 4 Agosti 1905, kule Mohoro, katika nchi hiyohiyo ya Rufiji, Wajerumani walimnyonga Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe, aliyewagawia watu maji ya kuwakinga na risasi, na vita vya Maji Maji viliacha njaa iliyoua watu wengi kuliko bunduki. Manowari ilipoingia Salale ilikuwa imepita miaka tisa tu. Mtu aliyeona hayo hahitaji kuamriwa mara mbili anyamaze. Tena angemwambia nani? Waingereza walikuwa baharini, wala hawakuwa wameshuka kuuliza. Kwa hiyo uficho wa Mkwawa ulijengwa na uaminifu, wa Königsberg ukajengwa na hofu pamoja na kupuuzwa. Anayetazama kutoka mbali huona mambo haya mawili kuwa sawa, naye huyaita uchawi.

Itasemwa kwamba nimechagua mfano mwepesi, maana Königsberg ilikuwa na wafanyakazi wake na hatimaye ilionekana, na kwamba kuna meli zilizopotea kwelikweli. Hoja hii ni nzito, na mfano wake ulio karibu nasi ni Waratah. Meli hiyo ya abiria iliondoka Durban tarehe 26 Julai 1909 kuelekea Cape Town ikiwa na watu 211. Kesho yake ilisalimiana kwa ishara na meli Clan MacIntyre, na haikufika Cape Town. Meli zilitumwa kuitafuta kwa miezi, na hadi leo mabaki yake hayajapatikana. Hapa sina mkazi wa delta wa kumwita atoe ushahidi. Hata hivyo, tume ya uchunguzi iliyokaa London ilimsikiliza abiria mmoja, Claude Sawyer, aliyeshuka Durban kabla ya safari yake kwisha kwa sababu aliona jinsi meli ilivyokuwa ikilala upande na kuchelewa kuinuka. Aliwaeleza wengine hofu yake kabla meli haijapotea. Vitabu vingi vya mafumbo humtaja Sawyer kwa ajili ya ndoto aliyosema aliota, ya mtu mwenye upanga uliolowa damu, huku maneno yake kuhusu meli inavyolala yakiwekwa pembeni. Mahali meli ilipozama ni fumbo la kweli. Sababu iliyomfanya mtu mwenye macho yake aishuke si fumbo, ila hekaya imechagua ndoto ikaacha ushahidi.

Wengine watauliza kama pwani yenyewe haina mizuka yake, maana majini ya baharini yanasimuliwa Pemba, Mafia na Kilwa. Yanasimuliwa, nami siyadharau masimulizi hayo. Lakini watu haohao wenye majini, walipoiona Königsberg, walihesabu mabomba yake ya moshi wakayafanya jina. Imani ya majini haikuwazuia kuona chuma kuwa chuma. Katika Ziwa Nyasa, linalopakana na Kyela, kuna jambo linalofanana na hili. Mwaka 1861 David Livingstone aliona juu ya ziwa mawingu aliyoyadhani moshi wa nyasi zinazoungua maili kwa maili. Mgeni mwingine angeweza kuapa kwamba ameona moshi wa meli isiyokuwapo. Walikuwa wadudu wadogo wanaotoka majini kwa mabilioni, na wakazi wa kando ya ziwa walikuwa wakiwakusanya na kuwafinyanga mikate ya kula. Mtu anayevuna kitu na kukipika hawezi kukifanya hekaya.

Vita hivyo vilikuwa pia na meli iliyojigeuza mzuka makusudi. Rubens, iliyoletwa kuisaidia Königsberg, ilisafiri kutoka Ujerumani kwa jina la meli ya Kidenmaki, Kronborg, ikiwa imerundika mbao juu ya silaha. Aprili 1915 manowari Hyacinth iliifukuza hadi ghuba ya Manza, karibu na Tanga, ikaiacha inaungua ikidhani kazi imekwisha. Wajerumani wakawatuma wapiga mbizi, na vibarua wakaopoa bunduki pamoja na mamilioni ya risasi zilizolowa, zikafunguliwa na kukaushwa. Meli ambayo Waingereza waliihesabu imekufa ikaendelea kupiga risasi bara kwa muda mrefu.

Königsberg nayo iliendelea. Mizinga yake yote 10 iliopolewa, ikawekewa magurudumu Dar es Salaam, ikaburutwa na mamia ya watu kwenye nyanja za vita. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, na mwingine Pretoria. Looff aliandika kitabu chake, Pretorius akaandika chake, na mabaharia wa Pegasus wana majina yao juu ya mawe. Walioburuta boila na mizinga hawakuandika, lakini hilo halimaanishi kwamba walikuwa bubu. Mwishoni mwa miaka ya 1960, wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akina Gilbert Gwassa na John Iliffe, walikwenda kwa wazee wa kusini kuwauliza habari za Maji Maji, na ushahidi waliorudi nao ulibadilisha jinsi vita vile vinavyoandikwa. Wazee hao waliosimulia mambo ya 1905 walikuwa watu wazima wenye nguvu zao mwaka 1914, na waliokuwa wakiishi Rufiji walikuwa jirani wa manowari ile kwa miezi kumi. Swali lililowapeleka watafiti kule lilikuwa la Maji Maji, si la meli.